MKIA ALIOUSAHAU IBN FIRNAS



Ndugu zangu Waislamu, juzi baada ya Swala ya Isha vijana wawili wa mtaani kwetu hapa Gongo la Mboto walinisubiri mlangoni mwa msikiti. Mmoja akatoa simu akanionyesha klipu. Mtu amesimama kwenye mteremko wa kilima, nyuma yake kumelazwa kitambaa kirefu chenye rangi. Akapiga hatua tano, sita, kitambaa kikajaa upepo, kikapanda juu ya kichwa chake, miguu ikaacha ardhi. Hana injini wala mafuta, anaelea tu. Mchezo huo wenyewe wanauita paraglaidingi.

Kijana akaniambia: "Sheikh, hili bawa ni kitambaa na kamba tu. Turubai tunalo, fundi cherehani yupo. Tunataka tukajaribu kule vilima vya Pugu. Na wa kwanza kuruka si alikuwa Muislamu mwenzetu, Abbas ibn Firnas? Wewe mwenyewe ulitufundisha."

Nikanyamaza, kwa sababu alisema kweli. Nilifundisha. Katika darsa moja baada ya Maghribi nilisema kwa sauti kubwa kwamba Muislamu ndiye aliyevumbua ndege, miaka elfu moja kabla ya Wazungu. Watu wakaleta takbira. Lakini sikuwaambia yule mtu alitua vipi. Niliwapa nusu ya habari, na nusu ile sasa inataka kuwapeleka watoto wa watu Pugu na turubai.

Basi leo nalipa deni. Soma mpaka mwisho, na kama una kijana nyumbani msomee.

ABBAS IBN FIRNAS ALIKUWA NANI

Alikuwa mtu wa Andalusia, Hispania ya leo, mwenye asili ya Kiberberi, kutoka upande wa Ronda. Aliishi Qurtuba (Cordoba) zama za maamiri wa Bani Umayya, akafariki mwaka 274 Hijria, sawa na 887 Miladia. Alikuwa mshairi, mjuzi wa nyota na fundi. Wanahistoria wanamtaja kwa kutengeneza kioo kutokana na mawe, kwa saa aliyoiunda, na kwa chumba nyumbani kwake ambamo mtu akiingia alionyeshwa mfano wa mbingu, wenye nyota, mawingu na radi.

Habari ya kuruka kwake imetufikia kwa urefu kupitia al-Maqqari, mwanahistoria wa Tilimsani aliyefariki mwaka 1632. Hebu hesabu, ndugu yangu: baina ya Ibn Firnas na al-Maqqari kuna zaidi ya miaka 700. Lakini al-Maqqari alichukua kwa waliomtangulia, na upo ubeti wa mshairi aliyeishi zama za Ibn Firnas mwenyewe, Mu'min ibn Said, unaogusa jambo hilo. Na huyo hakuwa rafiki yake, alikuwa akimkejeli. Ushahidi wa mtu asiyekupenda una uzito wake. Kwa hiyo tukio lina asili.

Je, habari yenyewe inasemaje? Alijivika manyoya, akajifungia mabawa mawili, akapanda mahali palipoinuka, akajirusha. Akaelea umbali wa kutajika. Halafu ilipofika kutua, akaanguka vibaya, akaumia mgongo. Na wasimulizi wakaeleza sababu: hakujua kwamba ndege hutua kwa mkia, na yeye hakujitengenezea mkia.

Hiyo ndiyo nusu niliyoiruka siku ile. Alifikiria kupaa, hakufikiria kutua.

Nilipowaeleza vijana wale, alikuwepo mtoto wa madrasa, hajafika miaka kumi, anakunja mikeka. Akadakia: "Maalim, hata tiara bila mkia haikai. Inazungukazunguka halafu inajibamiza chini." Subhanallah! Watoto wetu wanaofunga mfuko wa nailoni kwenye vijiti vya chelewa na kuutilia mkia wa matambara wanalijua jambo ambalo bingwa wa Qurtuba alilipata kwa maumivu ya mgongo. Nani kawafundisha? Kaka zao. Na kaka zao walifundishwa na wakubwa zao. Liweke neno hilo akilini, tutalirudia.

ALIYEPANDA JUU YA MSIKITI

Wa pili mnamjua kwa kazi yake, hasa mliosoma Kiarabu. Ni Ismail ibn Hammad al-Jawhari, mwenye kamusi kubwa inayoitwa as-Sihah. Asili yake Farab, Asia ya Kati. Alisafiri mpaka Iraq na Hijazi, akakaa na makabila ya Waarabu ili aichukue lugha vinywani mwa wenyewe, kisha akaweka makazi Naysabur, katika Iran ya leo. Maulamaa wa lugha wameitegemea kamusi yake kwa miaka elfu.

Mtu huyu, mwishoni mwa karne ya 4 Hijria, kwa mujibu wa waliomuandika, alijifunga mbao mbili mfano wa milango ya mabawa mawili, akapanda juu ya msikiti wa Naysabur, akatangaza kwamba ataruka. Akaanguka akafa.

Nimekaa nikamfikiria sana. Neno moja la Kiarabu hakuliandika mpaka amelisikia kwa wenyewe. Safari zote zile, kwa ajili ya kuhakikisha maneno! Lakini lilipokuja jambo la roho yake, hakumuuliza mtu na hakujaribu kwanza mahali pa chini. Elimu ya mtu katika jambo moja haimfanyi mjuzi wa jambo jingine. Hili linatuhusu sisi masheikh kabla ya wengine.

MTAWA WA UINGEREZA NA KOSA LILELILE

Sasa twende Uingereza. Mwanzoni mwa karne ya 11 Miladia, katika nyumba ya watawa ya Malmesbury, kijana mmoja mtawa aitwaye Eilmer alijifunga mabawa mikononi na miguuni, akajirusha kutoka mnarani. Mwandishi wa nyumba hiyohiyo, William wa Malmesbury, aliandika habari yake takriban mwaka 1125. Anasema aliruka kadiri ya mita 200, upepo ukamvuruga, akaanguka, akavunjika miguu yote miwili. Akaishi kilema mpaka uzeeni. Na Eilmer mwenyewe alikuwa akisema kosa lake ni kwamba alisahau kujiwekea mkia.

Umeona? Muislamu wa Qurtuba na Mkristo wa Malmesbury, baina yao zaidi ya miaka mia moja, kosa ni moja. Kwa nini wa pili alirudia kosa la wa kwanza? Kwa sababu hapakuwa na mnyororo. Habari ya Ibn Firnas ilibaki hadithi ya kustaajabisha watu barazani. Hatusikii kwamba alikuwa na mwanafunzi aliyetengeneza mabawa ya pili yenye mkia, wala kitabu chenye vipimo. Ujasiri ulikuwepo, uliokosekana ni upokezi.

Sisi Waislamu tunaujua upokezi kuliko umma wowote. Tunauita isnadi. Fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, na kila mmoja anapimwa ukweli wake na hifadhi yake. Hata habari za kuruka tunaweza kuzipima hivyo. Wapo wanaosambaza kwamba Hezarfen Ahmed Celebi alivuka bahari ya Bosphorus kwa mabawa kutoka mnara wa Galata, Istanbul, karne ya 17. Aliyeileta habari hiyo ni mmoja tu, msafiri Evliya Celebi, na yeye anajulikana kwa kutia chumvi. Basi ukiisimulia, sema: imepokewa na mtu mmoja. Usiifanye yakini. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, ametuonya kwamba yatosha mtu kuwa muongo kwa kusimulia kila analolisikia. Je, anayesambaza kila kinachoingia kwenye simu yake?

KILIMA CHA UDONGO

Mnyororo ulifungwa wapi? Ulifungwa vilimani, tena vilima vidogo.

Mjerumani Otto Lilienthal, mhandisi, alitazama korongo kwa miaka mingi, akapima mabawa, na mwaka 1889 akatoa kitabu chenye vipimo vyote. Ndipo mwaka 1891 akaanza kuruka. Mwaka 1894 akajenga kilima cha udongo huko Lichterfelde, karibu na Berlin, urefu wake mita 15 tu. Kilikuwa cha mviringo, ili upepo ukitoka upande wowote aweze kuukabili. Kwa muda wa miaka mitano hivi aliruka takriban mara 2,000, akifika hadi mita 250. Na chombo chake, ndugu zangu, kilikuwa na mkia.

Tarehe 9 Agosti 1896, katika vilima vya Rhinow, upepo ulikigeuza chombo chake kikapoteza mwendo, akaanguka kutoka kadiri ya mita 15, akavunjika uti wa mgongo. Kesho yake akafariki.

Basi tofauti yake na al-Jawhari ni nini, ikiwa wote wawili walianguka wakafa? Tofauti ni kwamba kitabu cha Lilienthal kilibaki, na picha zake na vipimo vyake. Huko Marekani Wilbur na Orville Wright waliposikia kifo chake ndipo walipoanza kulifuatilia jambo hili kwa bidii. Wakachukua vipimo vyake, wakavijaribu kwenye vilima vya mchanga vya Kitty Hawk, wakaona havitoi walichotarajia. Mwaka 1901 wakatengeneza sanduku la kupitishia upepo, wakapima mabawa madogo kama 200. Miaka mitatu mfululizo waliruka bila injini wakijifunza kuongoza na kutua. Injini waliiweka mwisho kabisa, tarehe 17 Desemba 1903, na ruko la kwanza lilidumu sekunde 12.

Hayo madege yanayopita juu ya mapaa yetu kwenda Uwanja wa Julius Nyerere, mpaka tunasimamisha darsa kwa kelele zake, yamezaliwa katika mnyororo huo.

BAWA LA KITAMBAA LILITOKA WAPI

Sasa turudi kwenye klipu ya vijana. Lile bawa nalo lina nasaba yake. Domina Jalbert, fundi wa tiara na maputo huko Marekani, mwaka 1964 aliombea hati ya uvumbuzi bawa la kitambaa lenye vyumbavyumba. Mbele vyumba viko wazi, nyuma vimeshonwa. Upepo ukiingia mbele, kitambaa kinatuna na kuwa na umbo la bawa la ndege. Umesikia aliyelianzisha alikuwa nani? Fundi wa tiara! Yule mtoto wetu anayekunja mikeka amekaa kwenye mlango wa elimu kubwa bila kujua.

Kisha mwaka 1978, katika kijiji cha Mieussy, milima ya Ufaransa, warukaji wa parachuti watatu, Jean-Claude Bétemps, André Bohn na Gérard Bosson, walitandaza mabawa ya namna hiyo kwenye mteremko, wakakimbia, wakaelea mpaka bondeni. Hapo ndipo mchezo huu ulipopata maskani yake. Walikuwa wakitafuta nini? Walikuwa watu wa mashindano ya kutua, kulenga alama ndogo ardhini. Kupandishwa na ndege kila mara ni gharama, wakatafuta njia rahisi ya kufanya mazoezi ya kutua. Mchezo wote ule umeanzia kwenye lile ambalo Ibn Firnas alilisahau.

Utaniuliza: Sheikh, mbona bawa la kitambaa halina mkia? Swali zuri. Mtu ananing'inia chini sana, kwenye kamba nyingi nyembamba, na uzito wake ndio unaolituliza bawa lisiyumbe, mfano wa timazi ya fundi mwashi. Mikononi ana kamba mbili za breki zinazovuta ukingo wa nyuma wa bawa. Akikaribia ardhi anageukia upepo unakotoka, na miguu ikiwa karibu kugusa anazivuta zote mbili. Bawa linapunguza mwendo, anashuka kama anayeshuka ngazi. Mtazame kunguru anapotua ukutani: anatandaza mkia, anainua kifua, anapunguza mwendo. Ni kazi ileile.

Na kinachompandisha? Nenda Pugu Kinyamwezi saa sita mchana uangalie mwewe juu ya dampo. Anazunguka hapigi bawa, na kila mzunguko yuko juu zaidi. Jua limeipasha moto ardhi, hewa ya moto inapanda, naye yumo ndani yake. Mwenyezi Mungu ametutaka katika Suratul Mulk na Suratun Nahl tuwatazame ndege angani na tujue ni nani anayewashikilia. Kutazama kwa mazingatio ni ibada, na kila aliyepiga hatua katika elimu hii alianza kwa kutazama ndege.

WALIOPANDA KILIMANJARO WAKASHUKA KWA MIGUU

Hapa kwetu Afrika Mashariki mchezo huu upo. Majirani zetu Kenya wana Iten, mji wa wakimbiaji, juu ya mteremko wa Elgeyo, takriban mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Mbele yake limefunguka bonde la Kerio. Warukaji hutoka nchi za mbali kwa ajili ya upepo wa pale. Na sisi tuna Kilimanjaro.

Mwanzoni mwa mwaka 2013 kundi kubwa la warukaji kutoka nchi nyingi walipanda Kilimanjaro kuchangisha fedha za misaada. Walibeba mabawa kupanda kuelekea kilele chenye mita 5,895, mahali ambapo hewa ni nyepesi kiasi kwamba hatua kumi zinakuchosha, na bawa linahitaji mbio zaidi ili likubebe. Walipofika juu, hali ya hewa haikufaa. Wengi wao hawakuruka. Wakakunja mabawa, wakashuka kwa miguu.

Fikiria, ndugu yangu. Umelipa, umefanya mazoezi, umepanda siku kadhaa, ndugu zako wanangoja picha, halafu unageuka na kushuka na mzigo wako. Ile klipu ya kijana haikuonyesha hilo, maana hakuna anayesambaza video ya mtu aliyekunja kitambaa akarudi. Kwangu mimi hao ndio mashujaa wa habari hii.

Na mwezi Septemba 2019, katika mlima uleule, mtalii mmoja kutoka Kanada alifariki akijaribu kushuka kwa njia hiyo. Taarifa ya Hifadhi za Taifa ilisema parachuti yake ilishindwa kufunguka. Yeye alikuwa na vifaa vya kiwandani. Wewe una turubai la kufunikia mchanga.

JAWABU LANGU KWA VIJANA WANGU

Mliniuliza: Sheikh, ni halali? Sikilizeni.

Kuruka kwenyewe si haramu. Asili ya mambo ya kidunia ni ruhusa mpaka ije dalili ya kukataza. Mwenye kujifunza kwa mwalimu anayejulikana, kwa bawa lililopimwa, mahali paliporuhusiwa na upepo unaofaa, hatumhukumu kwamba amejiua hata akifikwa na ajali. Lakini Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe. Na Mtume, rehma na amani zimshukie, ameonya juu ya kulala kwenye dari isiyokuwa na kizuizi. Kulala tu! Je, anayejirusha kutoka kilimani na kitambaa alichoshona jana? Na yule bedui aliyeuliza kuhusu ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Kushona turubai na kwenda Pugu ni kumwacha ngamia bila kamba, kisha kuita jambo hilo tawakkul.

Tena angalieni tunakoishi. Tuko jirani na uwanja mkubwa wa ndege. Anga hili lina wenyewe wanaolisimamia, ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kuruka bila idhini yao ni kuhatarisha roho zisizo zako.

Basi mkitaka kuruka, anzeni pale alipoanzia Lilienthal: katika kutazama na kupima. Someni hesabu na fizikia. Shoneni tiara, mpime mikia, muandike ipi imekaa juu na ipi imeanguka na kwa nini. Nipeni daftari hilo, nitalisoma mbele ya darsa. Waislamu tumesimulia vya kutosha kwamba babu zetu walikuwa wa kwanza. Tunaohitajika sasa ni wa kupokea kwa babu na kuongeza mkia.

Na mimi nawaomba radhi kwa nusu ya habari niliyowapa. Kutoka leo nikimtaja Ibn Firnas, nitamtaja na mgongo wake.

Vijana wale wameniachia turubai. Limekunjwa ofisini kwa msikiti, na mwenye harusi au msiba akilihitaji aje alichukue.

Ewe Mola, turuzuku elimu yenye manufaa, utulinde watoto wetu na maangamizi, utufundishe kusema kweli hata ikiwa kweli hiyo inatupunguzia sifa, na utujaalie mwisho mwema, maana kila aliyepanda ana siku yake ya kutua. Aamin.

Wabillahi tawfiq.